Kuwa na bakteria si kuumwa

Hapa Mbeya ni kawaida kumsikia mtu aliyetoka kupima akisema, akiwa amenyong'onyea, "Nimeambiwa nina bakteria." Kauli hiyo haielezi ugonjwa wowote, kwa sababu inamhusu pia aliye mzima wa afya: hakuna binadamu asiye na bakteria.

Viumbe wadogo wasioonekana kwa macho ni pamoja na bakteria, protozoa, baadhi ya fangasi kama hamira na, kwa desturi ya vitabu vya shule, virusi, ijapokuwa virusi havina seli. Wale wanaoishi kwenye ngozi, kinywani na hasa katika utumbo mpana, pamoja na chembe zao za urithi, ndio mikrobaiomu ya binadamu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yanampa mwanamume wa kilo 70 bakteria wapatao trilioni 38 na seli zake mwenyewe zipatazo trilioni 30. Ile hesabu ya zamani ya bakteria kumi kwa kila seli moja imeshaachwa, na ingefaa iachwe na madarasani pia.

Linaloniudhi hasa ni kusikia vimelea vya magonjwa vikitajwa kana kwamba ni ukoo mmoja wa viumbe, waliozaliwa waovu na watakaobaki hivyo popote walipo. Mtazame Escherichia coli, ambaye daktari Theodor Escherich alimweleza mwaka 1885 baada ya kumpata katika kinyesi cha watoto wachanga. Huyu huishi utumboni mwa karibu kila mmoja wetu bila madhara, na hata hutengeneza vitamini K. Lakini akiingia katika njia ya mkojo na kuzaliana humo, yeye ndiye msababishi mkuu wa maambukizi tuyaitayo UTI. Kilichobadilika ni mahali. Ni kweli kwamba zipo aina za E. coli zinazotoa sumu na kuharisha zikiwa utumboni humohumo, na kwamba bakteria wa homa ya matumbo hatakiwi mwilini kabisa. Ndiyo sababu jina la jumla "bakteria" halitoshi kumwambia mgonjwa lolote.

Wapo pia tunaowafuga kwa makusudi. Katika nyumba nyingi za Iringa na Njombe uji wa mahindi hupozwa hadi uwe vuguvugu, hutiwa kimea cha ulezi, kisha hufunikwa na kulazwa. Kimea huvunja wanga kuwa sukari na uji huwa mwepesi, nao bakteria huigeuza sukari hiyo kuwa asidi ya laktiki. Asubuhi ni togwa, na ukali wake huwazuia wengi wa bakteria waletao kuhara wasistawi. Mwili nao una ufugaji wake: maziwa ya mama yana aina za sukari ambazo mtoto hawezi kuzimeng'enya hata kidogo, na walaji wake ni bakteria wa utumboni mwake.

Kuchanganya mambo haya kuna gharama. Anayenunua amoksilini, dawa ya kuua bakteria, ili atibu mafua, ambayo huletwa na virusi, hayagusi mafua yenyewe. Anawapunguza bakteria wake wa utumboni, na watu wengine huishia kuharisha kwa sababu hiyo tu.

Kwa hiyo mwanafunzi aliyezoea kuandika kwamba bakteria ni vijidudu vinavyosababisha magonjwa simwambii afute jibu lote. Namwomba aanze kwa kusema kwamba ni viumbe wenye seli moja isiyo na kiini, kisha aongeze kwamba baadhi yao husababisha magonjwa. Na hilo "baadhi" asiliruke.