Karatasi tupu humtisha mwenye wasiwasi

Kafyu ya korona iliondolewa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 2021, lakini wasiwasi iliouacha bado unaingia ofisini kwangu hapa Mombasa. Wengi wanaokuja hawaitaji korona hata kidogo. Husema moyo unaenda mbio wakiwa kwenye matatu iliyojaa, au kwamba harusini hutafuta kiti cha karibu na mlango. Wengine hawajaenda sokoni tangu wakati ule; huagiza kila kitu kwa simu.

Mimi ni mwanasaikolojia na uchoraji ni sehemu kubwa ya matibabu ninayotoa. Naandika kwa sababu kuna ushauri unaosambaa sana mtandaoni: chukua karatasi, mwaga hisia zako. Kwa mtu mwenye wasiwasi mkali, hapo sipo pa kuanzia. Wasiwasi hukaa ukiuliza "itakuwaje?", na karatasi tupu inamrudishia swali lilelile. Nimeona watu wazima wakiishika kalamu huku jasho likiwatoka, wakaiweka chini bila kuchora mstari.

Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Curry na Kasser, walilipima jambo hili kwa wanafunzi 84 wa chuo. Kwanza waliwaamshia wasiwasi, kisha wakawagawa: wengine walitia rangi mchoro wa duara wenye nakshi, wengine mchoro wa mirabaraba, na kundi la tatu likapewa karatasi tupu. Makundi mawili ya kwanza yalitulia. La tatu halikupata nafuu ya kutajika. Mimi naelewa hivi: nakshi inayojirudia inaupa mkono pa kwenda, huku ikimwachia mtu uamuzi mdogo anaoumudu, kama rangi gani ifuate. Akili iliyozoea kukimbilia mabaya ya kesho inapata kazi iliyo mbele yake sasa hivi.

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kuagiza nakshi kutoka mbali. Pindo la kanga, maua ya hina na piko, ukili wa mkeka, milango ya Lamu, vyote vimejengwa kwa umbo dogo linalorudiwa. Kwa hiyo namkatia mtu ukanda mwembamba wa karatasi, namwambia achague umbo moja alirudie mpaka mwisho wa ukanda, polepole, akitoa pumzi kila anapolimaliza. Kina mama waliokua wakisuka ukili hutangulia wote, na hufurahi kugundua kwamba mikono yao inajua kitu ambacho daktari anakihitaji.

Atakayesema hajui kuchora, namweleza utafiti wa Kaimal na wenzake wa mwaka 2016, pia Marekani. Watu wazima 39 walifanya sanaa kwa dakika 45, na takriban robo tatu yao walishuka kiwango cha kortiso, homoni ya msongo, kwenye mate. Wenye uzoefu wa sanaa hawakuwazidi wasio nao. Ni utafiti mdogo, tena haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo siutumii kama hoja ya mwisho. Kwa kumtoa mtu hofu ya kuchora vibaya, unatosha.

Nakshi, hata hivyo, hutuliza tu. Kazi nzito huja baadaye, na hapa ndipo kufungiwa kulituachia shida ya aina yake. Hofu hulishwa na kukwepa: kila ukiepuka mahali, unapata nafuu ya muda, na mwili unajifunza kwamba kukwepa ndiko kulikokuokoa. Kwa kawaida tungemwambia mtu aache kukwepa. Mwaka 2020 tuliambiwa sote tukwepe, na ilikuwa sahihi. Mwezi Mei mwaka huo Mji wa Kale ulifungwa, usiingie wala usitoke. Kabla ya hapo, tarehe 27 Machi, siku kafyu ilipoanza, watu waliokuwa wakiwahi feri ya Likoni walipigwa na kurushiwa mabomu ya machozi. Mwili uliopitia hayo haukutangaziwa mwisho wake siku ile kafyu ilipoondolewa.

Ndiyo maana nawachorisha mahali. Chukua mtu asiyeweza tena kupanda feri. Mara ya kwanza anaichora kwa mbali, tupu, kama anavyoiona akiwa juu ya mteremko. Baadaye anaichora na watu ndani yake, kisha anajichora mwenyewe akiwa katikati yao. Kila picha tunakaa nayo mpaka kiwango cha hofu, anachonitajia kuanzia sifuri hadi kumi, kishuke. Picha ikishazoeleka, tunakwenda wenyewe: kwanza kuitazama tu, halafu kuvuka asubuhi ya Jumapili, mwisho saa kumi na moja jioni, watu wakitoka kazini. Mchoro unampa ngazi ya chini ambayo mguu wake unaifikia.

Sifasiri rangi. Weusi hauna maana moja kwa kila mtu, na anayekuambia kwamba jua lililochorwa pembeni linaonyesha huzuni ya utotoni anabahatisha tu. Mwenye picha ndiye namuuliza: hapa uko wapi? Nani yuko karibu nawe? Ukitazama, mwili unafanya nini?

Kuna wakati ambapo usiendelee peke yako: picha ikikurudisha kwenye tukio kwa nguvu hadi ukashindwa kulala, au mawazo ya kujidhuru yakiingia. Hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha afya ya akili, na namba 1199 ya Msalaba Mwekundu Kenya hupigwa bila malipo. Ukienda, beba michoro yako yote kwa mpangilio ulioichora, hata ile unayoiona mibaya. Daktari atapata humo mambo ambayo huenda ukashindwa kuyasema siku ya kwanza.