Je, wajua kwa nini wanaanga wakikutana na viumbe wa sayari nyingine watagombana wao kwa wao kwanza?

Hebu vuta picha. Chombo kina watu sita, wako safarini mwezi wa nane sasa, na nje ya dirisha kuna kitu. Hakishambulii, hakisogei, kinawaka tu na kuzima mara tatu, kinakaa kimya, halafu mara tatu tena. Daktari anataka milango yote ifungwe. Yule wa mawasiliano anataka na sisi tuwashe taa mara tatu, si tumesalimiwa jamani. Kamanda anasema hakuna kugusa swichi yoyote mpaka Duniani wajibu, injinia anauliza hao wa Duniani watajibu lini, na kuna mmoja amekaa kwenye kona amejifunika blanketi, kimya kabisa, hachangii lolote. Mpe dakika kumi tu huo mkutano, tayari kuna wawili hawasemeshani. Na kile kitu nje hakijafanya chochote bado.

Tuelewane mapema, hatujawahi kukutana na kiumbe yeyote kutoka huko juu na ushahidi wa kwamba wapo hakuna mpaka leo. Ila watu kufungiwa pamoja angani, rekodi zake tunazo za zaidi ya miaka 50, na watu walio mbali na kwao kukutana na wageni wasiowaelewa, historia imejaa. Ukiviweka hivyo viwili pamoja unapata jibu ambalo wengi hawalitegemei, yani mgeni haji na ugomvi, anaukuta ndani.

Anza na Apollo 7, chombo cha Wamarekani, Oktoba 1968. Wanaume watatu, Wally Schirra, Donn Eisele na Walter Cunningham, siku 11 kuizunguka Dunia. Kilichoharibu hali ya hewa mle ndani ni mafua. Schirra alipata mafua, na mafua kule sio kama huku maana hakuna uzito wa kushusha makamasi, yanakaa hapo hapo kichwani yanabana, dawa ni kupenga tu mpaka masikio yaume. Sasa mtu yuko kwenye hali hiyo halafu kituo cha uongozi kule Duniani kinamwambia washa kamera ya tivii tukuoneshe kwa wananchi. Akakataa, akasema ratiba imejaa na chombo ni kipya, tivii itasubiri. Mwisho wa safari wakaambiwa vaeni helmeti wakati wa kushuka, wakakataa tena, maana ukiwa na helmeti huwezi kushika pua ukasawazisha presha ya masikio. Walitua salama bila helmeti. Hakuna hata mmoja kati yao aliyerushwa tena angani baada ya hapo. Mafua tu hayo, wala hawakuona kitu chochote dirishani.

Halafu kuna hawa Warusi wawili, Anatoly Berezovoy na Valentin Lebedev, mwaka 1982 walikaa siku 211 kwenye kituo cha angani cha Salyut 7. Lebedev alikuwa anaandika shajara na mle ndani kuna siku anakiri kwamba wanapitana kimya kila mmoja na kinyongo chake, na wenyewe hawaelewi kinawapata nini. Wawili tu jamani, mahali ambapo huwezi hata kutoka ukapunge upepo. Ukinuniana na mtu kazini jioni unaenda kwako, hawa jioni walikuwa wanaenda mita chache kutoka hapo hapo.

Sasa kuna kitu ambacho mimi nikikisoma mara ya kwanza nilicheka, ila ndo kiini cha mambo. Daktari wa akili mmoja wa Marekani, Nick Kanas, na wenzake waliwafuatilia watu waliokaa kwenye kituo cha Mir na baadae kile cha kimataifa, wakaona kwamba presha ya ndani ikipanda watu huwa hawamalizani wao kwa wao, wanaihamishia kwa watu wa chini, kwamba hawa wa kituo cha uongozi hawatuelewi, hawatujali, wanatupangia ujinga. Kwenye jaribio la Mars-500 kule Moscow, wanaume sita walijifungia kwenye chombo cha kuigiza siku 520, kuanzia Juni 2010 mpaka Novemba 2011, na migogoro waliyoripoti na watu wa nje ilikuwa mingi kuliko ya wao kwa wao. Na humo ndani watu wawili tu, wale waliokuwa wamechoka na kubanwa na mawazo kuliko wenzao, ndo walihusika na migogoro mingi. Kwa hiyo kuna aliyechoka, na kuna wa kutupiwa lawama ambaye yuko mbali hawezi kuingia akajibu. Kundi likawa linapumua kupitia huyo wa mbali.

Umeshaona tatizo linakuja wapi? Kadri chombo kinavyokwenda mbali, huyo wa kutupiwa lawama anafifia. Ishara ya redio kutoka Mars kuja Duniani inachukua kati ya dakika 3 na 22 hivi, kwenda tu, bado kurudi. Unauliza "tujibu taa au tusijibu" unasubiri mpaka dakika 40 na kitu. Ukifika kwenye nyota ya jirani kabisa baada ya Jua, Proxima Centauri, miaka nuru 4.2, yani umbali ambao mwanga wenyewe unausafiri kwa miaka 4.2, unauliza swali leo jibu linakukuta zaidi ya miaka minane baadae. Hapo kituo cha uongozi hakipo tena, hata wa kumlaumu hakuna, na maamuzi yote yanarudi mezani kwa hao sita. Ndo pale wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, ila nahodha mmoja naye akikosea hakuna wa kumkosoa mwenye cheo.

Kwenye kituo cha kimataifa jambo hili la nani anaamua limeandikwa, kuna kanuni za nidhamu, kamanda anajulikana na wote wanasaini kabla ya kupaa. Lakini nani ana haki ya kumjibu mgeni? Wanasayansi wanaosikiliza redio za angani walikubaliana mwaka 1989 kwamba ishara ikipatikana isijibiwe mpaka kwanza kuwe na mashauriano ya kimataifa. Makubaliano mazuri, ila sio sheria, na yaliandikwa kwa ajili ya mtu aliyekaa na antena Duniani mwenye muda wa kuitisha kikao, sio kwa mtu ambaye kitu kiko mita mia kutoka dirishani kwake.

Na usifikiri wasomi wakikaa wanaafikiana. Novemba 1974 darubini ya redio ya Arecibo kule Puerto Rico ilirusha ujumbe wa makusudi kuelekea kundi la nyota la M13, umbali wa miaka nuru kama 25,000. Yani hata kama kuna mtu huko, salamu itamkuta miaka elfu ishirini na tano ijayo. Pamoja na hayo Martin Ryle, ambaye alikuwa mwanaastronomia mkuu wa kifalme wa Uingereza, alilalamika kwamba ni hatari kutangaza tulipo, huwezi jua anayesikia ana njaa gani. Miaka elfu ishirini na tano, na watu wamegombana. Wote wanajua fizikia ile ile, wameona takwimu zile zile, ila mmoja akisikia neno "mgeni" anaona fursa mwingine anaona meno. Ukikosa habari kabisa kuhusu mtu unajazia mwenyewe, na unajazia kwa kile ulichobeba kichwani. Daktari wetu wa pale mwanzo hajasoma chochote kwenye zile taa, amesoma tu woga wake, na yule wa mawasiliano naye kasoma hamu yake.

Ukitaka kuona inavyoishia, rudi nyuma miaka 500. Ferdinand Magellan aliondoka Hispania mwaka 1519 na meli tano. Aprili 1520, wakiwa wameegesha San Julián kule kusini kabisa mwa Amerika, manahodha wake wakamwasi, uasi ukazimwa kwa damu. Baadae mwaka huo huo meli moja, San Antonio, ikatoroka ikarudi Hispania. Na hapo wageni hawakuhusika hata kidogo. Walipofika visiwa ambavyo leo ni Ufilipino Magellan akajiingiza kwenye ugomvi wa watawala wa huko, watu wake wakamsihi asiende mwenyewe kisiwa cha Mactan, akaenda, akauawa tarehe 27 Aprili 1521 na watu wa Lapulapu, mmoja wa watawala wa kisiwa hicho.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hii sehemu wengi wanairuka. Kwenye msafara kulikuwa na mtumwa wa Magellan jina lake Enrique, ndo mkalimani wao, mtu pekee aliyeweza kuongea na wenyeji wakaelewana. Antonio Pigafetta, Muitaliano aliyekuwa kwenye safari na akarudi hai, ameandika kwamba baada ya yale mapigano Enrique alikuwa na jeraha dogo, akawa anashinda amejifunika blanketi hataki kushuka nchi kavu. Wosia wa Magellan ulisema akifa Enrique awe huru. Duarte Barbosa, mmoja wa wakubwa waliochukua uongozi, akamfokea kwamba bwana wako kafa lakini wewe hujawa huru, utarudi kuwa wa mkewe, na usiposhuka kufanya kazi utachapwa. Enrique akanyanyuka kama vile hakuna neno, akashuka, na kwa maelezo ya Pigafetta akaenda kupanga njama na mfalme wa kisiwa cha Cebu. Tarehe 1 Mei wakubwa wakaalikwa kwenye karamu, na zaidi ya ishirini wakauawa, Barbosa mwenyewe akiwemo. Katika meli tano ni moja tu, Victoria, iliyomaliza kuizunguka Dunia, ikafika Septemba 1522 na watu 18.

Tukisoma juu juu tunasema wageni waliwaua. Ni kweli waliwaua. Lakini aliyefungua mlango, kama Pigafetta anasema kweli, ni mtu wa ndani aliyetendewa vibaya siku chache kabla, na alikuwa ndiye mwenye lugha. Kwenye kundi linalokutana na mgeni mwenye lugha ana nguvu kuliko kamanda, hata kama kwenye orodha ya vyeo yuko wa mwisho, na kamanda akishtukia hilo kwa kuchelewa anaanza kumbana badala ya kumbembeleza.

Kuna na habari ya mlango wenyewe. Mmoja wa wale sita ametoka nje, amegusa kile kitu, anarudi anagonga afunguliwe. Unamfungulia? Apollo 11 waliporudi mwaka 1969 waliwekwa karantini, siku 21 tangu walipoondoka Mwezini, kwa hofu ya vijidudu, na baada ya Apollo 14 utaratibu ukaachwa kwa sababu hakikuonekana kitu. Ila hata ile karantini ilivuja, kile chombo kilifunguliwa mlango baharini ili watupiwe mavazi ya kujikinga, hewa ya ndani ikatoka hivi hivi. Maana watatu wamo ndani wanarushwa na mawimbi, ungewaacha humo? Huruma ilishinda kanuni, na hao walikuwa watu wa baharini wenye helikopta juu na meli pembeni. Kwenye chombo cha watu sita anayegonga ni rafiki yako wa miezi minane, au ndo yule mliyenuniana naye tangu mwezi wa tano, na hapo ndipo swali la kisayansi linageuka kuwa swali jingine kabisa.

Utaniambia, lakini adui wa pamoja si huwaunganisha watu? Hili linasemwa sana. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliwachukua wavulana 22 wa miaka kama 11 akawapeleka kambi ya Robbers Cave, Oklahoma, makundi mawili, akawashindanisha mpaka wakawa wanachomeana bendera. Kuwaweka pamoja wapate mlo au waangalie sinema hakukusaidia, walirushiana chakula. Kilichosaidia ni maji ya kambi kukatika na lori la chakula kugoma kuwaka, wakalivuta wote kwa kamba, ile ile waliyokuwa wanashindania kuvutana. Nadhani lori lina nguvu kuliko adui kwa sababu lina upande mmoja wa kuvuta. Mgeni asiyejulikana hana hata huo upande, hujui ni adui au lori. Na kwenye jaribio lake la mwaka mmoja kabla, wavulana walikuwa wameshazoeana kabla ya kugawanywa, wakakataa kuchukiana, wakaanza kuwashuku wasimamizi, jaribio likafa. Watu wa Mars-500 wangewaelewa sana wale watoto.

Kwa hiyo ukiniuliza chombo kile cha watu sita kijiandae vipi, mimi sitaanza na silaha wala kamusi ya kuongea na mgeni. Nitaanza na ratiba ya kulala, kisha nani anashika ile swichi ya taa na nani anaweza kumzuia, yaandikwe kabla hawajapaa. Halafu ningeomba mtu aache kubishana na daktari kidogo, aende kule kwenye kona, akamuulize yule aliyejifunika blanketi ana nini.