Gothiki haiandikwi kwa herufi kubwa tupu

Huyu ni mteja wa tatu wiki hii. Kaingia hapa Kariakoo, jina la saluni yake liko kwenye simu, anataka bango la gothiki, zile herufi za vyeti na za stika za daladala. "Zote kubwa, halafu nene kabisa, zionekane toka mbali." Nikimwelewesha, anadhani nakwepa kazi.

Jamani, herufi kubwa ya gothiki ni pambo. Ina mkia, ina pembe, ina mstari wa ziada tumboni. Ilichorwa ianze neno peke yake, ndogo zifuate. Ukizipanga sita kwa mfululizo, kila moja inavutia kwake na jina halisomeki. Wachapaji wa Kijerumani walipotaka kukazia neno walitanua nafasi kati ya herufi, hawakuzigeuza zote kubwa.

Na huo unene ndio unaoniudhi zaidi. Gothiki ilizaliwa na kalamu ya ncha pana: mstari wa wima mnene, kiungo chembamba kama unywele. Itazame Biblia ya Gutenberg, iliyochapwa Mainz, Ujerumani, mnamo 1455: weusi wa mstari na weupe wa pembeni yake vinakaribia kulingana. Jicho linasoma ule weupe. Sasa chukua fonti kama Fette Fraktur ya 1850 (Fraktur ni gothiki ya Kijerumani), iliyonenepeshwa makusudi kwa vichwa na matangazo. Weupe umebaki ufa tu. Kwa neno moja au mawili, likiwa kubwa, hupati fonti yenye uzito kama ule. Lakini ukibonyeza tena kitufe cha kukoleza, programu inaivimbisha pande zote, ufa unaziba, na mashine inakutolea doa jeusi.

Jaribu neno "umuhimu". Hesabu vijiti vya wima: u viwili, m vitatu, u viwili, h viwili, i kimoja, m vitatu, u viwili. Kumi na vitano, vyote sawasawa kama uzio wa mabati. Waandishi wa zamani waliteseka na jambo hilihili, ndiyo maana i iliwekewa alama juu. Kwa hiyo kauli mbiu ya bango iandike kwa fonti ya kawaida, gothiki uiachie jina.

Wanaosema ni herufi za Hitler: serikali yake yenyewe iliamuru ziachwe, Januari 1941. Tuendelee.

Kinachonisumbua mimi ni k. Kwenye Fraktur inafanana na t, na A kubwa inafanana na U. Mjerumani aliyeizoea ataitambua; msomaji wa Mbagala aliye ndani ya basi atasoma "kaa" kuwa "taa". Mimi huichora k upya, mguu wake uonekane. Kuna siku naitazama naona nimeiharibu fonti, kuna siku naona nimemtendea haki msomaji. Ya saluni nimeichora mara mbili, zote nimezibandika ukutani, kesho mteja atazitazama akiwa ng'ambo ya barabara.