Je, wajua kwa nini somo la vitendo laweza kupita bila mtoto kujifunza chochote?

Si ajabu, katika warsha ya walimu Kisumu au Nakuru, kuonyeshwa pembetatu iliyojaa asilimia: binadamu hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma, 20 ya anachosikia, 30 ya anachoona, na kuendelea hadi 90 ya anachofanya mwenyewe. Kutoka hapo hoja hujijenga. Mpe mtoto udongo, gundi na maboksi, akili itafuata mikono.

Tarakimu hizo hazina mwenyewe. Mchoro ndio wenye mwenyewe: ni Edgar Dale, mhadhiri Mmarekani, aliyeuchapisha mwaka wa 1946 ili kupanga aina za uzoefu, vitendo vikiwa chini na maneno matupu kileleni. Hakuandika asilimia hata moja, na alitahadharisha kwamba mchoro usigeuzwe kuwa sheria. Asilimia zilibandikwa baadaye na wengine. Zitazame vizuri. Asilimia 10 ya kusoma nini: namba ya simu, au hadithi ya Sungura na Fisi? Ikipimwa baada ya saa moja, au baada ya muhula mzima? Na ni jaribio gani la kumbukumbu litakalotoa 10, 20, 30 na 50, yote yakiishia kwenye sifuri? Vipimo vya kweli huwa na sura mbaya. Huja na desimali na mambo yasiyokaa kwenye mstari.

Imani hiyo ina gharama. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutumika kote nchini mwaka wa 2019, kuanzia madarasa ya chini, wazazi wengi wamekesha wakikata na kubandika kazi ya Gredi ya 3 inayotakiwa asubuhi. Kama kweli mikono ndiyo inayofundisha, basi aliyefundishwa ni mama.

Hata mtoto akishuhudia jambo kwa macho yake, hakuna hakika. Mwaka wa 2004, Catherine Crouch, Eric Mazur na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard walipima majaribio ya fizikia yanayofanywa na mwalimu mbele ya darasa. Wanafunzi waliotazama tu hawakuelewa kilichosababisha tukio vizuri zaidi kuliko wale ambao hawakuliona kabisa. Walioambiwa kwanza watabiri kitakachotokea, kisha wakatazama, waliwazidi. Utafiti mwingine wa Mazur na wenzake, wa mwaka wa 2013, ulikuta kwamba karibu mara moja kati ya tano mwanafunzi hueleza tukio tofauti na lile lililofanyika mbele yake. Waliotabiri waliona sawasawa zaidi, hata pale walipokuwa wametabiri vibaya.

Hilo la mwisho linastahili kusomwa mara ya pili. Kukosea mapema kunamsaidia mtu kuona vizuri. Kwa nini?

Chukua watu wawili kwenye kibanda huko Kondele, wakitazama Gor Mahia ikicheza na AFC Leopards. Mmoja kaingia kunywa chai tu. Mwingine ametangaza mbele ya wenzake kwamba Gor watashinda mbili bila, kwa sababu beki wa kushoto wa Leopards ni mzito. Runinga ni moja, mchezo ni ule ule. Wa kwanza anaona watu wakikimbia. Wa pili anamkodolea macho yule beki kila mpira unapoelekea upande wake, maana amejifunga kwa maneno. Leopards wakishinda moja bila, wa kwanza anamaliza chai yake. Wa pili ana deni la kueleza: beki alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, au Gor hawakupitia upande ule kabisa? Kilichomfungua macho ni kutaja sababu inayoweza kukanushwa. Angesema Gor watashinda kwa kuwa ni Gor, asingekuwa na chochote cha kutazama.

Sasa tupeleke hilo uwanjani. Karibu na tarehe 21 Juni, simika fimbo iliyonyooka, urefu wa mita moja, katika shule yoyote ya Kisumu. Kabla ya kutoka darasani, kila mtoto aandike mambo mawili na sababu zake: kivuli kitakuwa kifupi kabisa saa ngapi, na kitaelekea wapi? Wengi watasema saa sita kamili, na kwamba kivuli kitatoweka, maana wamefundishwa kuwa wanaishi kwenye Ikweta.

Saa sita kamili, kivuli kina sentimita 48 hivi, na bado kinafupika. Kinafikia ufupi wake, kama sentimita 44, saa sita na dakika 43, kikielekea kusini, kwa sababu jua la Juni liko kaskazini. (Rula ya shule itahangaika hapo, kwa kuwa dakika kumi kabla na baada tofauti ni milimita mbili tatu. Alama za mawe na dira husaidia zaidi.) Kilichochelewesha kivuli ni saa yetu. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari usiogusa Kenya popote. Unapita Somalia, karibu na Mogadishu. Kisumu iko nyuzi 10 na robo magharibi yake, na dunia huchukua dakika 4 kuzunguka uzi mmoja. Piga hesabu: dakika 41. Zile mbili za ziada zinatokana na jinsi dunia inavyolizunguka jua. Mtoto aliyeandika saa sita ana sababu ya kuuliza. Aliyepewa tu fimbo amepata jua la bure.

Tahadhari mbili. Waliopimwa Harvard walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, si watoto 60 wa Gredi ya 5. Na vifaa vya kupendeza havisaidii siku zote: Nicole McNeil na wenzake walionyesha mwaka wa 2009, Marekani, kwamba watoto waliopewa noti na sarafu zinazofanana na za kweli walikosea hesabu nyingi zaidi kuliko waliopewa za karatasi isiyo na pambo, ingawa sehemu ndogo zaidi ya makosa yao ndiyo iliyotokana na kutoelewa. Hilo ni la kupima kabla ya kupamba duka la darasani.

Fimbo isitupwe. Katikati ya Oktoba kivuli kifupi kitakuwa sentimita 15 hivi, kitaelekea kaskazini, na kitafika saa sita na dakika 27. Waulizwe kwanza.