Mkojo wa rangi ya chai si uchovu wa karafuu

Msimu wa karafuu ukifika Pemba, vijana waliokaa miezi bila ya kazi ngumu hupanda mikarafuu tangu alfajiri. Mtoto wa ami yangu alikuwa mmoja wao. Siku ya tatu mikono haikuinuka, mapaja yamevimba, na mkojo umetoka kama chai ya rangi iliyokolea majani. "Kichocho hicho," akasema.

Simlaumu. Kichocho cha mkojo tunacho Unguja na Pemba, na tangu skuli tunafundishwa kukiogopa. Lakini damu ya kichocho mara nyingi huonekana mwishoni mwa kukojoa. Wake ulikuwa wa kahawia mwanzo hadi mwisho, tena baada ya kazi ya kuvunja mwili. Kilichomo humo ni mayoglobini, protini inayoweka oksijeni ndani ya misuli. Misuli ikivunjika, protini hiyo humwagika kwenye damu, na figo zikijaribu kuichuja huziba na kuumia vijifereji vyake. Madaktari huita hali hii rabdomiolisisi. Karatasi ya kupimia mkojo husema "damu", ilhali kwenye darubini chembe nyekundu hazionekani, au ni chache mno. Kwa hiyo mwambie daktari umefanya kazi gani. Kipimo chenyewe ni cha damu, cha kimeng'enya kiitwacho kreatini kinasi: kikizidi mara 5 ya kiwango cha juu cha kawaida, misuli imevunjika.

Wapo wanaosema kama mkojo haukubadilika, hakuna neno. Si kweli. Mayoglobini hupita upesi, na wagonjwa wengi hawauoni mkojo huo kabisa.

"Meza diklofenaki ulale." Hili linaniuma kuliko yote, maana husemwa kwa mapenzi. Dawa za maumivu kama hiyo hupunguza damu inayofika kwenye figo, na huyu tayari amekaukiwa maji.

Wengine hudhani ni ugonjwa wa wanyanyua vyuma. Aliyeanguka mkarafuu akalala chini masaa mengi bila ya kujigeuza, aliyepigwa na umeme, aliyebanwa na ukuta, wote wamo. Mwaka 1941 madaktari Bywaters na Beall walieleza watu wa London waliotolewa vifusini hai, kisha figo zao zikashindwa siku chache baadaye.

Halafu madafu. Kwetu kila anayeumwa figo huletewa madafu "yasafishe". Dafu lina madini ya potasiamu kwa wingi. Misuli iliyovunjika nayo humwaga potasiamu kwenye damu, na figo zilizochoka haziwezi kuitoa. Ikizidi, hutibua mapigo ya moyo, na moyo unaweza kusimama. Anachohitaji mgonjwa ni dripu ya maji ya chumvi, mapema, hospitali, huku damu na mkojo vikipimwa.

Na hofu ya mashine ya kusafisha damu maisha yote huwafanya wengi wajifiche nyumbani. Wengi figo zao hurudi. Baadhi huhitaji mashine siku au wiki kadhaa tu.

Mtoto wa ami hakuihitaji. Mama yake alifika wodini na madafu mawili kwenye pakacha. Nesi akayapokea kwa heshima, akayasukuma chini ya kitanda. Yakakaa hapo mpaka potasiamu iliposhuka.