Je, Wajua kwa Nini Vyuo Vikuu vya Marekani Huahirisha Ombi Badala ya Kulikataa?

Katikati ya Desemba, saa moja jioni kwa saa za Boston, ambayo kwa Nairobi na Dar es Salaam ni saa tisa usiku, maelfu ya wanafunzi wanaomaliza sekondari hufungua akaunti zao za maombi ya chuo wakiwa wameshika roho mkononi. Wachache hukuta pongezi, wengine hukuta pole. Lipo kundi la tatu ambalo hukuta barua isiyosema ndiyo wala hapana: kamati imeahirisha uamuzi, ombi litasomwa tena pamoja na maombi ya kawaida, na jibu litatoka mwezi Machi. Mtu aliyekesha akisubiri jibu huisoma barua hiyo mara tatu asijue ashangilie au alie. Chuo ambacho kila mwaka hukataa makumi ya maelfu ya waombaji kimeshindwaje kumkataa huyu mmoja?

Neno lenyewe huwachanganya wengi. Katika vyuo vyetu, anayeahirisha masomo ni mwanafunzi, pengine kwa sababu ya ugonjwa, uzazi au ada, na nafasi yake humngoja. Hapa anayeahirisha ni chuo, na kinachoahirishwa ni jibu, kwa hiyo mwombaji hana nafasi yoyote aliyowekewa. Wala hali hiyo si sawa na kuwekwa kwenye orodha ya kusubiri, kwa maana orodha hiyo hutungwa mwishoni, baada ya maombi yote kusomwa, na hutegemea ni wangapi kati ya waliokubaliwa watakaoamua kwenda kwingine.

Vyuo vingi vyenye ushindani mkali huwa na madirisha mawili ya maombi, la mapema linalofungwa aghalabu tarehe 1 Novemba, na la kawaida linalofungwa mapema Januari. Katika vyuo kama Columbia, Brown na Duke, anayeomba mapema hutia saini ahadi kwamba akikubaliwa atajiunga na kuyaondoa maombi yake mengine yote. Harvard, Yale, Princeton na Stanford hazimfungi kiasi hicho. Humpa hadi tarehe 1 Mei kuamua, ila humzuia kuomba mapema katika vyuo vingine binafsi, isipokuwa kwa masharti machache. Aliyetia saini ahadi kisha ombi lake likaahirishwa huwa amefunguliwa, na hata akikubaliwa Machi anaweza kwenda atakako. Jambo hili halina budi kusisitizwa, kwa kuwa wapo wanaodhani wamekwama.

Sababu kubwa ya kuahirisha ni kwamba hakuna alama maalumu ambayo mwombaji akiifikia amepita. Msomaji aliyezoea utaratibu wa KUCCPS, chombo kinachowapangia wanafunzi vyuo nchini Kenya, ambapo pointi za mtihani wa taifa na uchaguzi wa kozi ndivyo vinavyoamua, itambidi auweke kando kwa muda. Chuo cha Marekani cha aina hii huteua kundi zima kwa pamoja: kinataka wapenzi wa hisabati na wa ushairi, watoto wa mashambani na wa mijini, mpiga filimbi wa okestra yake na mtu atakayesoma jiolojia ili idara isikose wanafunzi. Afisa udahili aliyelishika faili la mpiga filimbi hodari mwezi Novemba hajui kama Januari wataleta maombi wapiga filimbi wengine watatu wanaomzidi, au hatakuja hata mmoja. Akimkataa leo hawezi kumrudisha, na akimkubali leo ametumia nafasi. Akiahirisha, hapotezi chochote.

Tarakimu za Harvard kwa wanafunzi walioingia mwaka 2023 zinaonyesha ukubwa wa fumbo hilo. Waliomba mapema 9,553, na Desemba 2022 walikubaliwa 722. Kufikia Machi chuo kilikuwa kimepokea maombi 56,937 na kukubali watu 1,966 kwa jumla. Kwa maneno mengine, kamati iliyoketi kabla ya Krismasi ilikuwa imeona takriban faili moja tu kati ya kila sita.

Sababu nyingine ni ushahidi ambao haujafika. Faili la Novemba halina alama za muhula wa kwanza wa mwaka wa mwisho, ambazo shule hutuma kati ya Januari na Februari. Mwanafunzi aliyeyumba kidato cha tatu kisha akainuka huenda akahitaji karatasi hiyo moja ili kamati iamini kwamba ameinuka kweli. Jambo hili linawagusa hasa waombaji wa kwetu. Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, huwa katikati ya mitihani dirisha la mapema linapofungwa, na katika miaka ya karibuni matokeo yametoka mara nyingi Januari, yaani baada ya jibu la Desemba na kabla ya lile la Machi. Wa Tanzania anayefanya mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei hana bahati hiyo, kwani matokeo yake hutoka wakati kila kitu kimekwisha. Atategemea ya kidato cha nne na ya mitihani ya majaribio.

Ipo pia sababu ambayo vyuo havipendi kuitamka, nayo, kwa maoni yangu, ni adabu yenye hesabu ndani yake. Kumkataa Desemba mtoto wa mhitimu wa chuo, au mwanafunzi bora wa shule ambayo chuo kinataka iendelee kuleta waombaji, ni jambo zito. Kuahirisha hupunguza makali, na ifikapo Machi kila mtu ameshapata pa kwenda.

Ndiyo maana maana ya kuahirishwa hutofautiana mno. Mwaka huohuo wa 2022, Harvard iliahirisha karibu wanne kati ya kila waombaji watano wa mapema, ilhali Yale, jirani na hasimu wake, iliahirisha takriban mmoja kati ya watano na kukataa wengi wa waliobaki. Georgetown kwa miaka mingi haikumkataa mwombaji yeyote wa mapema, asiyekubaliwa aliahirishwa. Stanford nayo hupendelea kutoa jibu la mwisho na kuahirisha wachache tu. Kwa hiyo barua ya Yale humwambia mwombaji kwamba alitazamwa kwa makini akaachwa mlangoni, ilhali ile ya Harvard inaweza isimwambie lolote. Anayetaka kujua amesimama wapi aanze kwa kuuliza chuo chake huahirisha wangapi, kabla ya kuanza kuchambua maneno ya barua.

Kazi inayobaki ni ndogo, na wengi huikuza kupita kiasi. Pale chuo kinaporuhusu, mwombaji huandika barua ya nusu ukurasa akieleza kwamba bado anakitaka, kisha anataja yaliyotokea tangu Novemba: alama mpya, tuzo, au mradi uliokamilika. Kurudia insha ya mwanzo kwa maneno mapya hakusaidii, na kutuma barua tano za mapendekezo kutoka kwa waheshimiwa wasiomjua humchosha tu msomaji. Wakati huohuo maombi ya vyuo vingine lazima yaende kabla dirisha la Januari halijafungwa. Hapa ndipo wengi huumia, kwa kuwa barua ya Desemba huwakuta hawajaandika hata insha moja ya akiba.

Chuo cha MIT, ambacho Desemba 2022 kilikubali 685 kati ya waombaji 11,924 wa mapema na kuahirisha karibu theluthi mbili, hakitaki hata barua hiyo. Walioahirishwa hujaza fomu fupi mwezi Februari. Jibu lao hutoka tarehe 14 Machi, inayoandikwa kwa Kimarekani 3/14 kama mwanzo wa namba pai, saa 12 na dakika 28 jioni kwa saa za huko, ambayo Wamarekani huiandika 6:28, kwa kuwa 6.28 ni pai mara mbili. Nairobi huwa ni saa saba na dakika 28 usiku.