Kisukari na figo: si lazima uache nyama

Wengi wenye kisukari, wakiambiwa figo zimeanza kudhoofika, huacha kabisa nyama, mayai na maharage. Nia ni njema, lakini pengo hilo hujazwa na wanga: misuli huisha na sukari hupanda, nayo sukari ndiyo hasa inayoziumiza figo.

Kinachoshauriwa ni gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 70 apate gramu 56. Hizo si gramu za nyama! Yai moja lina takriban gramu 6 za protini. Nyama iliyopikwa, gramu 100, ina kama 25. Anayesafishwa damu kwa mashine huhitaji zaidi, gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo.

Cha kubana kweli ni chumvi: chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai, ukihesabu na iliyojificha kwenye mkate.